Wati 30, wati 40 au wati 200? Kuchagua amplifaya jumuishi ya kiwango cha juu kwa spika ulizonazo

Swali la msomaji: Nina spika mbili za kusimama sakafuni. Mtengenezaji ameziandikia unyeti wa desibeli 87 na ukinzani wa omu 4, nao ukinzani huo hushuka hadi omu 3 kwenye besi. Chumba kina urefu wa mita 6 na upana wa mita 5, nami hukaa mita 3 kutoka kwenye spika. Husikiliza piano, jazi na okestra kubwa, mara nyingi kwa sauti ya wastani. Nataka kununua amplifaya jumuishi moja (yenye vidhibiti na kikuza nguvu katika boksi moja) nitakayokaa nayo miaka mingi, na katika kuchuja nimebakiwa na tatu: ya transista ya daraja A yenye wati 30, ya valvu za EL34 (mirija ya kioo inayofanya kazi ya transista) yenye wati 40, na ya daraja D yenye wati 200 ambayo ndani yake imo pia mitambo ya dijitali na ya kupokea muziki wa mtandaoni. Nimeambiwa kwamba wati 30 za daraja A ni sawa na wati 100 za amplifaya nyingine. Je, ni kweli, na nichukue ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, umenipa maelezo ambayo waulizaji wengi huyaacha, yaani ya spika na ya chumba, na kwa sababu hiyo naweza kukujibu kwa hesabu kabla ya kukujibu kwa maoni. Msimamo wangu ni kwamba spika ndizo zinazochagua amplifaya. Jina la mtengenezaji, daraja la saketi na idadi ya wati iliyoandikwa kwenye boksi ni mambo ya kuangaliwa baada ya kujua spika zitadai nini, na spika zako zinadai mambo mahususi kabisa.

Nianze na hilo uliloambiwa. Wati ya daraja A haizidi wati nyingine kwa lolote. Daraja A maana yake ni kwamba transista za kutolea sauti hazizimiki wakati wowote wa mzunguko wa wimbi, hivyo hakuna kasoro ile ndogo inayotokea transista moja inapoiachia nyingine kazi. Gharama yake ni joto. Ufanisi wa saketi za aina hiyo, hata kinadharia, hauvuki asilimia 50, kwa hiyo amplifaya inayotoa wati 30 za daraja A kila upande lazima ivute wati 120 au zaidi kutoka ukutani hata chumba kikiwa kimya, na kwa vitendo huvuta zaidi ya hapo. Nadhani imani ya kwamba wati zake ni nzito imetokana na jambo jingine la kweli: amplifaya nyingi za daraja A hujengwa kwa transfoma kubwa na kapasita nyingi, na hivyo haziishiwi mkondo wa umeme ukinzani wa spika unaposhuka. Luxman L-590AXII, kwa mfano, imeandikiwa wati 30 kwenye omu 8 na wati 60 kwenye omu 4. Kule kuongezeka maradufu ndiko kunakostahili kusifiwa, na kunatokana na ugavi wa umeme ndani ya amplifaya.

Sasa tuzitazame spika zako. Unyeti ni ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa umeme wa kiasi kilichowekwa, na desibeli 87 ni kipimo kinachochukuliwa umbali wa mita 1 kwa volti 2.83. Volti hizo huleta wati 1 kwenye spika ya omu 8, lakini kwenye spika ya omu 4 huleta wati 2. Kwa hiyo, ukihesabu kwa wati, spika zako zinatoa desibeli 84 kwa wati 1. Si kosa la mtengenezaji, maana ndivyo kipimo kinavyoandikwa kwa kawaida, lakini mnunuzi asiyelijua hilo hujikuta ameipunguza nusu nguvu anayoihitaji. Ili uone jinsi spika zinavyotofautiana, Klipschorn ya Klipsch, iliyoanza kuuzwa mwaka 1946, imeandikiwa desibeli 105, ilhali LS3/5A, spika ndogo iliyosanifiwa na BBC katika miaka ya 1970, iko karibu na desibeli 82.5. Tofauti hiyo ya desibeli zaidi ya 22 ni tofauti ya nguvu ya zaidi ya mara 150 ili kupata sauti ileile, na hakuna amplifaya moja inayoweza kuitwa bora kwa zote mbili.

Umbali wa mita 3 kwenye uwanja wazi ungepunguza sauti kwa desibeli 9.5 ikilinganishwa na mita 1, lakini una spika mbili, na kuta za chumba hurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Nitachukulia upungufu wa desibeli 5, ambao ni makadirio ya haki kwa chumba cha ukubwa huo. Volti 2.83 zitakupa basi desibeli 82 hapo unapoketi. Sauti ya wastani kwa msikilizaji makini ni kama desibeli 78, na kuifikia spika zako zinahitaji chini ya wati 1 kila moja. Ndiyo, chini ya wati 1. Lakini okestra kubwa iliyorekodiwa vizuri ina vilele vinavyopanda desibeli 20 juu ya wastani wake, na hapo unatakiwa ufike desibeli 98, yaani desibeli 16 juu ya zile 82. Desibeli 16 ni nguvu mara 40. Wati 2 mara 40 ni wati 80 kwenye omu 4, na volti zinazohitajika ni karibu 18. Volti hizohizo kwenye omu 3 zinahitaji mkondo wa ampea 6 na kufikisha wati 107.

Hiyo ndiyo nambari ya kwenda nayo dukani: volti 18, pamoja na mkondo wa kutosha kuzishikilia hadi omu 3. Ikiwa imeandikwa kwa lugha ya kwenye boksi, ni amplifaya ya wati 40 kwenye omu 8 ambayo kweli hufika wati 80 kwenye omu 4 na haiyumbi chini ya hapo. Mbele ya nambari hiyo, zile tatu zako zinasimama hivi. Ya daraja A, ikiwa ni ya aina inayotoa wati 60 kwenye omu 4, inafikisha volti 15.5 na kukupa vilele vya desibeli karibu 97, pungufu kidogo tu ya lengo. Ya valvu, kwa wati 40 kutoka kwenye tundu lake la omu 4, inafikisha volti 12.6 na desibeli 95. Ya daraja D, ikiwa wati zake 200 ni za omu 8, inafikisha volti 40 na desibeli 105, ambazo wewe na majirani zako hamna haja nazo. Unaona jinsi pengo kati ya wati 30 na wati 200, linalotisha kwenye karatasi, linavyogeuka kuwa desibeli 8 sikioni. Kwa kawaida binadamu husikia sauti imekuwa kubwa maradufu inapopanda desibeli kama 10.

Liko jambo moja kuhusu amplifaya ya daraja A ambalo wauzaji hawalisemi. Mkondo uliotengwa kwa ajili ya wati 30 kwenye omu 8 hautoshi kuibakiza saketi katika daraja A kwa wati 60 kwenye omu 4. Kwa saketi ya kawaida yenye pande mbili zinazosukuma na kuvuta, daraja A hukoma karibu na wati 15 kwenye omu 4, na karibu na wati 11 kwenye omu 3. Kuanzia hapo inafanya kazi kama daraja AB, ambamo transista hupokezana kazi. Silisemi hili kwa kuidharau, kwa kuwa tumekwishaona kwamba muziki wako mwingi utapita chini ya wati 1. Nalisema kwa sababu amplifaya nzuri ya daraja AB, iliyowekewa mkondo wa kutosha wa mapumziko, yaani unaopita hata muziki usipokuwepo, nayo hutoa wati chache za mwanzo bila transista kuzimika, kisha huwa na akiba kubwa zaidi juu yake na joto dogo zaidi. Kwa spika zako, tofauti ya kweli kati ya ndugu hao wawili ni ndogo kuliko tofauti ya bei na ya bili ya umeme.

Ya valvu nakushauri uiache, na sababu yake si wati. Amplifaya ya valvu yenye transfoma ya kutolea sauti huwa na ukinzani wake wa ndani, ambao mara nyingi hufika omu 1 hadi 3. Ukinzani wa spika haukai mahali pamoja: wako unashuka hadi omu 3, na katika masafa mengine huenda ukapanda hadi omu 20 au zaidi. Tuchukue amplifaya yenye ukinzani wa ndani wa omu 2. Panapo omu 3, spika inapokea asilimia 60 tu ya volti, upungufu wa desibeli 4.4, panapo omu 20, upungufu ni desibeli 0.8. Kwa maneno mengine, amplifaya hiyo itabadilisha uwiano wa sauti za spika zako kwa zaidi ya desibeli 3, ikiipunguza besi pale ukinzani unaposhuka na kuzinyanyua sauti nyingine. Ukiwa na amplifaya ya transista yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.05, mabadiliko hayo hayafiki hata desibeli 0.2. Wako wanaoipenda sauti ya valvu, nami nawaelewa, kwani kwenye spika zenye unyeti mkubwa na ukinzani uliotulia ni vifaa vya kupendeza sana. Spika zako hazimo katika kundi hilo. Na kama ungefikiria ile ya valvu moja ya 300B yenye wati kama 8, ungeishia desibeli 88 kwenye vilele, na okestra isingeingia humo kamwe.

Wauzaji watakuonyesha pia nambari iitwayo kiwango cha udhibiti, inayopatikana kwa kugawa omu 8 kwa ukinzani wa ndani wa amplifaya. Hegel ya Norwei huandika zaidi ya 4,000 kwa H390 yake, maana yake ukinzani wa omu 0.002. Ni uhandisi wa kuheshimiwa, lakini waya wa shaba wenye unene wa milimita 2.5 za mraba na urefu wa mita 3, ukihesabu kwenda na kurudi, una omu 0.04 peke yake, mara 20 ya hiyo, na koili ya spika ina omu kadhaa. Ukishavuka kiwango cha 100 hivi, usilipe zaidi kwa ajili ya nambari hiyo.

Kuhusu daraja D, yapo mambo ya zamani yanayosemwa hadi leo kana kwamba hayajapitwa. Kwanza, herufi D haimaanishi dijitali. Ni saketi inayowasha na kuzima transista kwa kasi kubwa, kisha kichujio hutoa muziki, na ufanisi wake huvuka asilimia 90. Katika miundo ya awali, kichujio hicho kilikuwa kikiathiriwa na ukinzani wa spika, hivyo sauti za juu zilibadilika kutoka spika hadi spika, na lawama ilizopewa zilikuwa za haki. Mhandisi wa Ubelgiji Bruno Putzeys, kwanza akiwa Philips kwa muundo wa UcD, kisha Hypex kwa Ncore na baadaye Purifi kwa Eigentakt, aliuingiza usahihishaji wa makosa baada ya kichujio, na tatizo hilo likaondoka. NAD waliitumia Eigentakt katika M33 ya mwaka 2020, yenye wati 200. Upotoshaji wa amplifaya za kizazi hicho ni mdogo kuliko wa karibu kila kitu kingine kilichomo chumbani mwako, spika zikiwa za kwanza. Sitakuambia kwamba daraja D ni baridi au haina uhai, kwa sababu sijapata ushahidi wa hilo.

Wasiwasi wangu juu ya amplifaya yako ya tatu uko kwingine. Wataka kukaa nayo miaka mingi, nayo imebeba ndani yake sehemu ambazo huzeeka upesi. Transfoma na transista zinaweza kukutumikia miaka 20 na zaidi zikitunzwa. Programu ya kupokea muziki wa mtandaoni hutegemea mtengenezaji aendelee kuisasisha, na huduma za muziki hubadilisha masharti yake zitakapo. Siku sehemu hiyo itakapokufa, utabaki na amplifaya nzima yenye kioo kisichofanya kazi. Kifaa cha dijitali cha pembeni kinatoa volti 2 kama kicheza CD cha kawaida, na hizo zinatosha kabisa kwa amplifaya yoyote jumuishi. Kikichakaa, unakibadilisha peke yake. Kama moyo wako uko kwenye daraja D, tafuta isiyo na mapambo hayo, au hakikisha sehemu hiyo ni kadi inayochomolewa. Ninakubali jambo moja linalonipunguzia ukali: baadhi ya mashine hizo hupima chumba kwa maikrofoni na kusahihisha besi, na faida yake inaweza kuzidi tofauti zote za saketi nilizokueleza.

Hukutaja santuri. Ikiwa unazo, fahamu kwamba sindano ya sumaku inayosogea hutoa milivolti chache tu, kwa kawaida kama 5, nayo hutaka pembejeo ya kiloomu 47, wakati ya koili inayosogea mara nyingi haifiki hata nusu milivolti. Zote mbili zinahitaji pia kusawazishwa kwa kanuni ya RIAA, yaani kurudisha uwiano wa besi na sauti za juu uliobadilishwa santuri ilipotengenezwa. Uliza pembejeo iliyomo inakubali aina ipi. Nyingi zinakubali ya kwanza tu.

Unapoisoma karatasi ya vipimo, angalia wati zimeandikwaje. Tangu mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Marekani inamtaka mtengenezaji aonyeshe nguvu endelevu pamoja na masafa na kiasi cha upotoshaji. Wati zilizoandikwa bila hayo, au kwa hezi 1,000 pekee, au chaneli moja tu ikifanya kazi, zipunguze mwenyewe kabla ya kulinganisha. Nguvu isiyoongezeka kutoka omu 8 hadi 4 kwa kawaida ni dalili ya ugavi dhaifu wa umeme, ingawa McIntosh ni watu wa kuondolewa katika kanuni hiyo: kwa kutumia transfoma za kutolea sauti, MA8900 yao hutoa wati 200 zilezile kwenye omu 2, 4 au 8, na imekusudiwa iwe hivyo.

Jaribu kitasa cha sauti katika viwango vya chini, usiku, muziki ukiwa mdogo. Kitasa cha kawaida chenye njia mbili za kaboni mara nyingi huwa na chaneli moja yenye nguvu kuliko nyenzake pale mwanzoni, na mwimbaji huhama kutoka katikati. Amplifaya za kiwango cha juu hutumia relei na vipinzani vilivyopimwa, au saketi kama ile ambayo Accuphase huiita AAVA. Hapa pesa ya ziada inaonekana kila siku, na kwa maoni yangu ni sababu nzuri ya kununua kuliko wati.

Utakapozisikiliza, zisawazishe kwanza ukubwa wa sauti. Tofauti ya nusu desibeli haisikiki kama sauti kubwa zaidi. Husikika kama sauti nzuri zaidi, na muuzaji mjanja anaijua siri hiyo. Cheza toni ya hezi 1,000, pima volti kwenye vituo vya spika, na hakikisha amplifaya mbili hazitofautiani kwa zaidi ya asilimia 1 au 2. Mwaka 1985 Bob Carver, mtengenezaji wa amplifaya wa Marekani, aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba angeirekebisha amplifaya yake ya transista ya bei nafuu ilingane na ya valvu ya bei kubwa waliyoichagua wao. Aliirekebisha yake hadi tofauti ya mawimbi ya hizo mbili ikawa ndogo sana, na wahariri hao, wenye masikio ya kazi, hawakuweza kuzitenganisha. Silitumii tukio hilo kusema kwamba amplifaya zote ni sawa, kwa sababu kabla ya marekebisho zilitofautiana. Linaonyesha kwamba kinachosikika kinaweza kupimwa na kutajwa, na mara nyingi ni ukinzani wa ndani na uwiano wa masafa.

Basi, kati ya tatu zako, kwa msikilizaji wa sauti ya wastani ningechukua ya daraja A, mradi mtengenezaji ameithibitisha kwa wati 60 kwenye omu 4 na unayo rafu iliyo wazi juu na pembeni kwa ajili ya joto. Ukiwa na desturi ya kuipandisha okestra hadi kiti kitikisike, chukua daraja D. Lakini ushauri wangu hasa ni uongeze ya nne kwenye orodha, ya daraja AB yenye wati 100 hivi kwenye omu 8 na karibu maradufu kwenye omu 4, kama Luxman L-509X yenye 120 na 220. Hiyo inavuka volti 18 zako kwa nafasi, haitishwi na omu 3, na haipashi chumba joto unaposoma kitabu.

Ukiagiza iliyotumika kutoka Japani, tazama nyuma yake imeandikwa volti ngapi, kwa maana za soko la huko ni za volti 100, na kuzigeuza ziwe za volti 230 hakuwezekani kwa kila muundo. Transfoma ya nje kwa mashine inayovuta wati mamia huwa na mvumo wake na uzito wake. Uliza pia ni nani atakayeitengeneza baada ya miaka 10, na omba wiki moja ya kuijaribu nyumbani, kwenye spika zako na katika chumba hicho cha mita 6 kwa 5, kabla hujalipa pesa yote.